Uchumba wa uongo: Kwa nini mtu mzima amdanganye mama yake?

Jumamosi iliyopita kwenye kipindi cha jioni niliwasimulia kwa dakika chache filamu ya mapenzi na vichekesho inayoitwa Wedding Season, yaani msimu wa harusi. Sikufika mwisho. Simu zilianza kuita, ujumbe ukamiminika, na swali lilikuwa karibu lile lile: "Huyo dada ana kazi, ana mshahara wake, ni mtu mzima. Kwa nini amdanganye mama yake kwamba ana mchumba?" Mzee mmoja aliyepiga akiwa shambani akaligeuza swali: "Na huyo mama, yeye anaogopa nini?"

Muda wa hewani ulikuwa umekwisha, nikaahidi kujibu kwa maandishi. Haya ndiyo majibu. Soma taratibu, ukurasa huu hauna picha wala video, hautakumalizia bando.

Filamu yenyewe kwa ufupi

Wedding Season ilitoka Agosti 2022 kupitia Netflix. Imeongozwa na Tom Dey na kuandikwa na Shiwani Srivastava. Mambo yanatokea New Jersey, jimbo la Marekani lililo jirani na jiji la New York, ambako familia nyingi zenye asili ya India zimeweka makazi.

Asha ni binti msomi anayeigizwa na Pallavi Sharda. Aliwahi kuwa na mchumba, uchumba ukavunjika, akarudi kuishi kwa wazazi. Kazi yake ni ya mikopo midogo kwa wanawake wajasiriamali, mambo ambayo nyinyi wanavikoba mnayaelewa kuliko mtazamaji mwingine yeyote. Kichwa chake kiko kwenye kazi. Kichwa cha mama yake kiko kwenye umri wa binti.

Mama anachoka kusubiri. Anaingia kwenye tovuti ya kutafutia wachumba, anamwandikia binti yake wasifu bila kumwambia, na anaanza kumpangia miadi. Ndipo Asha anapokutana na Ravi, anayeigizwa na Suraj Sharma. Wazazi wa Ravi nao wanamsukuma mtoto wao vivyo hivyo. Siku ya kwanza hawapendani hata kidogo. Lakini mbele yao kuna msimu mzima wa harusi za ndugu na marafiki, na kila harusi ina mashangazi wenye swali moja: "Wewe lini?" Basi wanakubaliana wajifanye wachumba mpaka msimu upite, ili kila mmoja apumue.

Kuna aliyeandika kwamba dada huyo "alikodi mwanaume". Hapana. Hakuna fedha iliyotoka hapo. Ni watu wawili waliobanwa na jambo moja wakapeana bega.

Kitakachofuata unaweza kukibahatisha: waliojifanya wanapendana wanaanza kupendana kweli, na siri moja inajitokeza. Mwisho wake sitausema, wengine hawajaiona.

Mbona si kama zile za kwenye kibanda umiza?

Wengi wetu tumekua na filamu za Kihindi kwenye vibanda umiza. Tunajua kijana wa kupenda, binti wa kulia, baba mkali, mvua na nyimbo. Tofauti ni nini?

Chukua Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, ya Shah Rukh Khan na Kajol. Ile nayo inahusu familia ya wahamiaji: baba Mhindi ana duka London, na binti yake ameshaahidiwa kwa mtoto wa rafiki yake kule Punjab, India. Binti anampenda mwingine. Mama mtu anawaambia watoroke. Kijana anakataa. Anasema kwa vitendo kwamba hatamchukua binti mpaka baba mwenyewe amkabidhi. Filamu nzima ni safari ya kumlainisha mzee. Watu waliipenda kiasi kwamba ukumbi mmoja wa Mumbai uliendelea kuionyesha kwa zaidi ya miaka 20.

Katika filamu ya aina hiyo mgogoro uko wazi. Baba anasema hapana, watoto wanalia, wote wanajua nani anataka nini. Katika filamu za vizazi vilivyozaliwa Marekani au Uingereza, mambo yamegeuka. Mzazi hasemi "nakulazimisha." Anasema "uamuzi ni wako, mwanangu," kisha anaugua presha. Mtoto naye hasemi "sitaki." Anasema "sawa mama," kisha anatafuta njia ya pembeni. Uchumba wa uongo ni mojawapo ya hizo njia za pembeni.

Walifikaje huko, na walibeba nini

Ili umwelewe mama wa Asha, rudi nyuma kidogo kwenye historia.

Kwa muda mrefu Marekani haikuwataka Wahindi. Sheria ya mwaka 1946 iliruhusu Wahindi 100 tu kwa mwaka kuhamia nchi nzima ile. Mlango ulifunguka kwa sheria ya mwaka 1965 iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson. Sheria hiyo iliondoa mgawo wa kibaguzi wa nchi kwa nchi na kuweka mbele vitu viwili: undugu na ujuzi. Aliyekuwa na ndugu Marekani aliweza kuitwa, na aliyekuwa daktari, mhandisi au mwanasayansi aliweza kuingia kwa elimu yake.

Angalia matokeo yake. Wahindi wengi waliofika mwanzoni waliingia kwa cheti. Kwao elimu ilikuwa kama pasipoti ya pili. Ndiyo maana watoto wao wanasukumwa hivyo shuleni. Marekani kuna mashindano ya taifa ya watoto kutaja herufi za maneno magumu, na watoto wenye asili ya India wamekuwa wakishinda mno: mwaka 2019 washindi walitangazwa 8 kwa pamoja, na 7 kati yao walikuwa wa asili hiyo. Katika Wedding Season, Ravi anatajwa kuwa bingwa wa zamani wa mashindano kama hayo aliyechukuliwa na MIT, chuo kikubwa cha sayansi na teknolojia, akiwa bado mdogo. Mtazamaji wa kule anacheka kwa sababu anamjua mtoto wa namna hiyo. Kila mtaa una mmoja anayetolewa mfano kwa wenzake mpaka wenzake wanamchukia.

Jambo la pili ni upweke. Umeacha wazazi, umeacha kijiji, uko nchi yenye baridi ambako hakuna anayelijua jina la ukoo wako. Na si wote waliokupokea vizuri. Mwaka 1987 huko huko New Jersey, katika mji wa Jersey City, kilijitokeza kikundi kilichojiita Dotbusters. Jina lenyewe lilikuwa kejeli kwa ile alama ya duara ambayo wanawake wa Kihindi huweka katikati ya paji la uso. Wahindi walishambuliwa mitaani, na kuna aliyepigwa mpaka akafa.

Katika hali hiyo watu hushikana. Wale majirani wanaokuja kwenye kila harusi na kuuliza maswali ya kuudhi ndio hao hao wanaokuja na chakula ukifiwa, na ndio waliompokea baba yako uwanja wa ndege akiwa na begi moja. Ukiwaudhi hao, huna kijiji kingine.

Ndoa inapangwaje kwa kweli?

Hapa ndipo maswali yalikuwa mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndoa ya kupangwa na ndoa ya kulazimishwa ni vitu viwili. Ndoa ya kulazimishwa ni uonevu, na inakatazwa na sheria katika nchi nyingi. Ndoa ya kupangwa, kwa familia nyingi za Kihindi, ni utaratibu: wazazi na ndugu wanatafuta, vijana wanakutanishwa, kisha vijana wanasema ndiyo au hapana. Sisi wenye utamaduni wa mshenga hatuna haja ya kushangaa. Mtu wa tatu kwenda kwa wazazi wa binti, kuulizana ukoo gani, wana tabia gani, kuna ugonjwa gani wa kurithi, hayo tunayajua.

Kwa Wahindi kazi hiyo ina karatasi yake. Inaitwa biodata. Ni wasifu wa ukurasa mmoja au miwili kama ule wa kuombea kazi: jina, tarehe na saa ya kuzaliwa, urefu, elimu, kazi, dini, ukoo, kazi ya baba, kazi ya mama, ndugu wako wangapi, unakula nyama au huli. Saa ya kuzaliwa inawekwa kwa sababu familia nyingi za Kihindu hulinganisha nyota za vijana kabla ya kuendelea. Karatasi hiyo inapita kutoka kwa shangazi mmoja hadi mwingine. Zamani pia matangazo ya kutafuta wachumba yalijaza kurasa za magazeti ya Jumapili India. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kazi ikahamia kwenye intaneti, na tovuti kama Shaadi.com zikawa mshenga wa dunia nzima. Ndiyo maana mama wa Asha anaweza kukaa jikoni na kompyuta akamtafutia binti yake mume.

Kuna upande ambao vichekesho huupitia haraka. Neno "ukoo" kwenye karatasi ile mara nyingi linamaanisha tabaka, ule mfumo wa kale wa Kihindu unaowapanga watu juu na chini kwa kuzaliwa. Ubaguzi wa tabaka umekatazwa na katiba ya India, lakini kwenye ndoa bado una nguvu. Katika filamu za namna hii familia zote ni safi, zina nyumba kubwa, na tatizo pekee ni umri wa binti. Maisha ya wengi si mepesi hivyo.

Na mahari? Mliuliza sana. Huku kwetu upande wa mwanaume ndio unaotoa. Kwa Wahindi wengi desturi ilikuwa kinyume: familia ya binti ndiyo iliyopeleka mali kwa familia ya mume. Desturi hiyo iliumiza mabinti wengi, na India iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1961. Marufuku ipo, lakini desturi haijafa yote. Ukijua hilo utaelewa kwa nini wasiwasi wa mzazi wa Kihindi kuhusu binti una mizizi mirefu. Kwa vizazi vingi, binti asiyeolewa alihesabiwa kuwa deni ambalo halijalipwa.

Uongo huu upo kwenye maisha, si kwenye filamu tu

Mnaweza kusema mwandishi wa filamu amebuni. Basi sikilizeni hii ya kweli.

Mwigizaji Ravi Patel alizaliwa Marekani na wazazi waliotoka Gujarat, magharibi mwa India. Alipofika umri wa karibu miaka 30 alikuwa na mpenzi Mmarekani mweupe kwa miaka miwili, na wazazi wake hawakujua. Si kwamba waliishi mbali na kusahauliana. Walikuwa karibu, wanasafiri pamoja, wanapigiana simu. Alimficha tu. Uhusiano ulipovunjika, kijana kwa uchovu akawaambia wazazi: haya, nitafutieni nyinyi. Karatasi yake ya biodata ikasambazwa, akazunguka Marekani kukutana na mabinti wa ukoo wa Patel. Dada yake, Geeta, akarekodi yote kwa kamera. Filamu hiyo ya maisha halisi inaitwa Meet the Patels, ya mwaka 2014. Inachekesha kuliko ya kutunga, na inauma pia. Kinachouma ni kuona wazazi wenye upendo wakigundua kwamba mtoto wao aliishi miaka miwili ya maisha ambayo wao hawakuwemo.

Wahindi wana msemo mmoja ambao kila mtoto wao ameusikia. Kwa Kiswahili ni kama kusema: "Watu watasema nini?" Huo ndio unaoendesha hadithi zote hizi. Mama hasemi "mimi nitaumia." Anasema "watu watasema nini?" Na kwa kuwa tatizo limepewa jina la watu, suluhisho nalo linakuwa la kuwaonyesha watu. Ndipo mchumba wa bandia anapopata kazi. Anasimama kwenye picha, anacheza muziki, anawasalimia mashangazi, na watu wananyamaza.

Harusi zenyewe zinaongeza presha. Harusi ya Kihindi si ya siku moja. Kuna siku ya kupaka hina mikononi, kuna usiku wa nyimbo na ngoma, kuna bwana harusi kuletwa kwa maandamano, mara nyingi juu ya farasi, kuna ibada mbele ya moto. Ukiwa hujaolewa, kila siku kati ya hizo ni siku ya mtihani. Wenye uzoefu wa kitchen party, send-off, vikao na michango wananielewa.

Wazazi nao wanadanganya

Sasa nirudi kwa mzee aliyeuliza mama anaogopa nini, maana hapo ndipo filamu inapopata uzito wake.

Siri inayojitokeza ni kwamba Ravi si yule aliyeandikwa kwenye wasifu. Chuo alikiacha. Kazi yake ni DJ, anapiga muziki kwenye sherehe. Na aliyeandika kwamba ni msomi wa kampuni za teknolojia si yeye. Ni wazazi wake. Waliona aibu kusema mbele ya watu kwamba mtoto waliyejivunia amechagua njia nyingine, basi wakaendelea kumtangaza yule wa zamani.

Ukiweka hilo sambamba na uongo wa Asha, unaona jambo ambalo nadhani wengi hatukuliona tuliposikia hadithi kwa mara ya kwanza. Watoto wanawaonyesha wazazi uchumba ambao haupo. Wazazi wanawaonyesha majirani mtoto ambaye hayupo. Kila upande unaona unamlinda mwingine, na wote wanalipa gharama ile ile. Mtu anayependwa anakuwa yule wa kubuni, na wa kweli anakaa pembeni anaangalia.

Sura za wazazi hao tunazijua

Kuna jambo ambalo sikulisema hewani na ninaamini litawafurahisha. Mama wa Asha anaigizwa na Veena Sood. Amezaliwa Nairobi. Baba wa Ravi anaigizwa na Manoj Sood. Amezaliwa Mombasa. Baba wa Asha anaigizwa na Rizwan Manji, aliyezaliwa Kanada na wazazi waliohamia huko kutoka Tanzania. Filamu inatokea New Jersey, lakini wazazi watatu kati ya wanne wana mizizi huku kwetu.

Si ajabu. Wahindi walifanya biashara kwenye mwambao wetu kwa karne nyingi. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao, baadhi walibaki, na wafanyabiashara wengine wakafuata na kufungua maduka mpaka vijijini. Neno "duka" lenyewe tumelipata kwao.

Kisha likaja wimbi la kuondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wahindi wengi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza walihamia Uingereza. Mwaka 1971 Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa ya Wahindi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, na maelfu wengine Kanada. Familia iliyokwishahama mara moja kutoka India ilihama mara ya pili, na safari hii wengine waliondoka na sanduku tu.

Waongoza filamu hawakuisahau historia hiyo. Mira Nair aliitumia katika Mississippi Masala ya 1991: familia iliyofukuzwa Uganda inaishi kwenye nyumba ya wageni kusini mwa Marekani, na binti anampenda kijana Mmarekani mweusi, Denzel Washington. Gurinder Chadha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960, aliongoza Bend It Like Beckham ya 2002, ambapo binti wa Kisikh mjini London anawaficha wazazi kwamba anacheza mpira wa miguu.

Katika filamu hiyo baba anaonekana mkaidi, mpaka siku anapofungua moyo. Akiwa kijana Nairobi alikuwa hodari wa kriketi. Alipofika Uingereza, klabu za wazungu zilimcheka na kumfukuza. Hakucheza tena. Anamkataza binti mpira kwa sababu hataki aumizwe kama yeye alivyoumizwa.

Hilo ndilo jibu langu kwa yule mzee wa shambani. Mama huyo anaogopa kupoteza tena. Nchi alishaiacha, lugha inapotea mdomoni mwa wajukuu, nguo zinavaliwa siku za sherehe tu. Ndoa ya mtoto ndicho kitu cha mwisho alichobeba kutoka nyumbani ambacho bado anaweza kukishika kwa mikono yake. Mtoto anapokisukuma pembeni, mama hasikii "sitaki kuolewa sasa." Anasikia "vyote ulivyobeba vilikuwa mzigo bure."

Hofu hiyo haimpi haki ya kumwendeshea binti maisha. Inatusaidia tu kujua tunazungumza na nani.

Na mimi nina langu

Sitamaliza bila kusema hili, maana kuna msikilizaji aliyeniandikia: "Wewe mtangazaji unacheka, wewe mwenyewe je?"

Nilipokuwa na miaka 31, kwenye send-off ya binti wa mama yangu mdogo, mashangazi waliniweka kati. Nilikuwa nimechoka, viatu vinabana. Nikasema yupo. Nikasema anafanya kazi Tunduma, mambo ya mpakani, hapati likizo. Jina nilimpa palepale. Nilipata amani ya miezi minne, na niwaambie ukweli, ilikuwa tamu.

Siku moja nikiwa nyumbani natafuta shuka kwenye sanduku la mama, nikakuta doti mbili za vitenge vipya zimefungwa kwenye gazeti. Nikauliza za nani. Akasema, "Za mama mkwe wako. Nilinunua mapema, wasije wakaja ghafla tukaaibika." Alikuwa ameuza kuku.

Sikumwambia siku hiyo. Ilinichukua wiki mbili, na nilimwambia kwa simu kwa sababu uso wake ungenishinda. Hakufoka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo na mimi nilikuwa mmoja wa watu wa kudanganywa?"

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, lakini yangu ilikuwa na urefu wa kutosha kumfikia mtu ambaye sikumlenga. Niliwadanganya mashangazi, aliyelipa ni mama. Vile vitenge tulivishona, kimoja chake na kimoja changu. Bado sijaolewa. Tofauti ni kwamba sasa akiulizwa na mashangazi, yeye ndiye anayewajibu.

Kwa hiyo tucheke, au tusicheke?

Tucheke. Vichekesho vya namna hii vinafanya kazi nzuri. Vinamwezesha mama na binti kukaa kwenye benchi moja, kucheka jambo moja, kila mmoja akijua ni la kwao bila kulazimika kulisema. Pengine ndiyo sababu ziko nyingi hivi.

Ila filamu ina saa moja na nusu ya kurekebisha mambo, na mwandishi ameshaamua watapendana. Sisi hatuna mwandishi. Ukimtambulisha mchumba wa bandia kijijini kwetu, kuna mtu ataanza kufuga mbuzi kwa ajili ya siku hiyo.

Jumamosi hii jioni laini za simu zitakuwa wazi. Kwa vijana nina swali moja: ni neno gani mnashindwa kuwaambia wazazi kuhusu ndoa? Na kwa wazazi: mnapouliza "lini?", mnaogopa nini? Piga simu au tuma ujumbe, na kama hutaki jina lako litajwe, sema. Na kama mko nyumba moja, mwite mwenzako msikilize pamoja.